Kopo la Chaki za Muhogo

Kila asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, watoto watano wa zamu walifagia darasa la mwaka wa kwanza. Mmoja alinyunyiza maji ili vumbi lisipande, wawili wakashika mifagio ya njiti, wa nne akapanga madawati, na wa tano akasugua ubao kwa kitambaa kilicholowa. Kisha kengele ikagongwa. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni mwa ofisi, na sauti yake ilifika mpaka kwenye stesheni ya treni. Wote walikimbia kwenye mstari mbele ya bendera. Hiyo ndiyo ilikuwa Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Veronika, mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu. Watu waliiita "Kwa Veronika" tu, utadhani ni nyumba ya bibi mmoja anayeuza maandazi.

Na kweli shule ilikuwa ndogo. Ilikuwa na nyumba mbili za matofali, paa la mabati yenye kutu, na vyumba sita vya madarasa. Hapakuwa na ghorofa wala kompyuta. Palikuwa na Sista Mkuu, walimu wanane, na nidhamu ya kutosha kugawia shule nyingine tatu na bado ikabaki.

Falone alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa mmoja wa wale watoto watano wa zamu. Siri yake ni kwamba aliionea aibu shule hiyo. Mama yake, Clémentine, alikuwa muuguzi katika kituo cha afya. Alisoma Kwa Veronika zamani, na hakutaka kusikia jina la shule nyingine. Falone alipotaja ile shule ya binafsi iliyojengwa katikati ya mji, yenye ghorofa mbili na basi la manjano, mama alijibu kwa maneno yaleyale: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Falone alifunga mdomo, lakini moyo haukufungika.

Aliyemtia aibu kuliko wote ni Mwalimu Sumaili wa hesabu. Alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, Mwislamu aliyefundisha kwa masista tangu ujana wake, na masista walimheshimu kama kaka yao mkubwa. Koti lake lilikuwa moja, la kahawia, viwiko vimeshonwa kwa uzi mweusi. Ubaoni aliandika herufi ndogondogo, na chaki aliitumia mpaka kucha zake zikaanza kukwaruza. Wanafunzi walicheka chinichini wakisema kwamba Mwalimu anaandika kwa kucha. Falone naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wengine.

Sasa, uongo wake ulianza hivi. Katika kwaya ya parokia alipata rafiki mpya aitwaye Kavugho. Baba yake Kavugho alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, naye alifungua butike kubwa karibu na soko, duka ambalo ndani yake ungepata kila kitu kuanzia sindano hadi godoro. Kavugho alisoma katika ile shule ya ghorofa. Siku moja baada ya mazoezi aliuliza, "Na weye unasoma wapi?"

"Palepale kwenu," Falone alijibu. "Lakini miye niko na wale wa mchana."

Jibu lilitoka lenyewe, kabla hajalifikiria. Nchi nzima wanafunzi huvaa nguo za bluu na nyeupe, kwa hiyo sare haikuweza kumchongea. Tangu siku ile, akitoka shuleni, Falone alipita njia ya nyuma kando ya reli ili asionekane kwenye lango la Kwa Veronika. Njia ile ilikuwa ndefu na yenye matope, lakini mwongo hachagui barabara.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mama alimtuma Falone kununua sabuni. Alikwenda kwenye butike ya baba yake Kavugho, na Kavugho mwenyewe alikuwa nyuma ya meza akimsaidia baba. Wateja walikuwa kama saba hivi. Marafiki hao wawili walikuwa wakiongea habari za kwaya wakati Mwalimu Sumaili alipotokea barabarani.

Alikuwa anasukuma baiskeli, au kinga kama wanavyoiita Kindu, iliyobeba magunia mawili ya makaa. Alivaa mabuti ya mpira yenye tope mpaka magotini, na lile koti la kahawia lilikuwa limejaa masizi. Jumamosi alikuwa akienda shambani kwake tangu alfajiri, kama walimu wengi wa Kindu. Alipomwona Falone, uso wake ulifunguka.

"Falone, mwanangu, afadhali nimekukuta. Unishikie kinga hii kidogo, niingie nikanunue chumvi. Magunia yataiangusha."

Kavugho alitazama baiskeli, akatazama mabuti, akamtazama Falone. "Unajuana naye?"

Masikio ya Falone yaliwaka moto. Akisema huyu ni mwalimu wangu, swali la pili litakuwa anafundisha wapi, na la tatu hana haja hata ya kulisikia. Akasema, "Hapana. Simujui huyu baba. Amenifananisha na mutu mwingine."

Mama mmoja aliyekuwa akipimiwa mchele akacheka. "Mzee, jua limekupiga kichwani."

Mwalimu Sumaili alibaki ameshika usukani. Alimtazama Falone mara moja tu, wala si kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Unisamehe, mutoto. Ni macho ya uzee. Nilidhani ni mwanafunzi wangu." Akaegemeza baiskeli ukutani peke yake. Gunia moja likateleza, akalizuia kwa goti, akahangaika nalo mpaka likatulia. Hakuna aliyemsaidia. Falone alisimama hatua mbili kutoka hapo, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Alirudi nyumbani bila sabuni. Njiani alijaribu kujiambia kwamba ni jambo dogo, kwamba Mwalimu mwenyewe atasahau, lakini aibu haikumwacha. Kama Mwalimu angemkemea mbele ya watu, angelia na mambo yangekwisha. Lakini Mwalimu Sumaili, mtu ambaye hulirudishia darasa zima hesabu kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa, alisema uongo ili kumsitiri yeye. Jambo hilo lilimchoma kuliko fimbo.

Jumatatu asubuhi Falone hakuamka. Alijifunika shuka mpaka kichwani akasema ana malaria. Sasa, ukitaka kudanganya ugonjwa, usimdanganye muuguzi. Mama Clémentine aliingia na kipimajoto, akakiweka kwapani mwa binti yake, akasubiri, akakisoma kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwili yako iko baridi kama maji ya kisima," alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Iko nini?"

Falone aligeukia ukutani. Mama hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kungoja, kama anavyongoja wagonjwa wanaoogopa kusema wanapoumwa. Mwishowe Falone akasema yote: kwaya, uongo wa shule, butike, magunia ya makaa, na yale maneno "Simujui huyu baba". Alipomaliza alikaza mwili akingoja kofi.

Kofi halikuja. Aligeuka na kumwona mama yake ameinamisha kichwa, mikono imelala mapajani. Falone hakuwahi kumwona akikaa hivyo, hata siku ya msiba wa bibi.

"Ulimukana Sumaili," mama alisema polepole. "Yule kati ya watu wote." Kisha akamsimulia jambo ambalo hajawahi kumsimulia mtu.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili, wakati wa vita. Mji wa Kindu ulikuwa umezingirwa. Wenye silaha walikuwa mjini, na wengine wenye silaha walikuwa msituni, na katikati yao walikuwa raia na njaa yao. Aliyetoka kwenda shambani hakujua kama angerudi. Treni haikuja, mashua hazikupanda wala kushuka, na chumvi ilikuwa hadithi. Watu walikula majani, wakagonga kokwa za michikichi, wakala. Shule nyingi zilifungwa. Kwa Veronika haikufungwa, kwa sababu Mwalimu Sumaili na masista wawili walikataa kuifunga.

Clémentine alikuwa na miaka kumi na mitatu, umri uleule wa Falone. Darasani walibaki wanafunzi kumi na tisa. Hapakuwa na vitabu, na chaki, ambayo watu wa Kindu huiita kre, ilikuwa imekwisha zamani. Ubao ulipakwa weusi wa betri zilizokufa. Na ili aandike juu yake, Mwalimu Sumaili alileta vipande vya muhogo mkavu, maana muhogo mkavu huandika weupe ukiusugua kwenye ubao. Kila wiki alileta vipande vitatu, akavihifadhi katika kopo la maziwa lililo tupu, juu ya meza. Watoto kumi na tisa wenye njaa walisoma hesabu zilizoandikwa kwa chakula, na hakuna aliyeligusa kopo lile. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyeitamka.

"Siku moja bunduki zililia karibu sana," mama alisema. "Mwalimu akatwambia tulale chini. Watoto wadogo waliotunzwa na masista walikuwa naye kule pembeni, akawalalia juu, akawafunika na mwili wake. Na miye, Falone, miye nilitambaa chini ya madawati mpaka kwenye meza. Nikafungua kopo. Nikala vipande vyote vitatu, vikavu vilevile, wakati yeye alikuwa anangojea risasi mugongoni."

Falone aliinuka akakaa.

"Nilisikia baadaye kwamba ule muhogo ulikuwa wake. Mke wake alimukatia sehemu yake ya usiku, na yeye alileta kwetu." Mama alijifuta uso kwa kitenge. "Tangu hapo namusalimia kila mwaka kwenye sikukuu, namupelekea dawa watoto wake wakiugua. Lakini neno lenyewe sijalisema. Amka, uoge. Leo saa tisa tunakwenda kwake wote wawili."

Nyumba ya Mwalimu Sumaili ilikuwa nyuma ya msikiti mdogo, yenye ua uliofagiliwa vizuri. Walimkuta akisahihisha madaftari kwenye kiti cha miti. Aliwakaribisha, akaita maji ya kunywa, akauliza habari za baba yake Falone ambaye alikuwa kwenye kazi ya barabara huko Lubutu. Kuhusu Jumamosi hakusema kitu.

Falone alipiga magoti. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mwalimu, macho yako si ya uzee. Nilikujua. Nilikukana kwa sababu ya kuona haya, haya ya shule na ya koti yako. Nakuomba unisamehe."

"Simama, mutoto wangu," alisema Mwalimu. "Iliniuma. Siwezi kukudanganya mara mbili. Lakini umekuja, na hilo nimelipokea."

Ndipo mama Clémentine naye akashuka kwenye kiti, akapiga magoti palepale, muuguzi mzima na saa yake ya kazi mkononi. "Mwalimu, na miye niko na langu. Ile mwaka ya vita, ile kopo ya muhogo. Mutu aliyekula ile kre ni miye."

Kalamu nyekundu ilianguka kutoka kwenye vidole vya Mwalimu. Falone alingoja acheke, aseme kwamba mambo hayo ni ya zamani, kwamba njaa haina adabu. Hakucheka. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama wa mtu aliyesikia habari ya kifo.

"Clémentine," alisema, "miaka hii yote nilijua ni Léon."

Falone alitazama huku na huku bila kuelewa, mpaka Mwalimu akamgeukia yeye na kumweleza. Léon alikuwa mwanafunzi wake, mtoto wa wakulima waliokimbilia mjini kutoka Kailo. Siku ile, bunduki ziliponyamaza na wote wakainuka, kopo lilikuwa tupu na shati la Léon lilikuwa na unga mweupe kifuani. Sasa ndipo ilipomjia Mwalimu kwamba mtoto alikuwa amelala akijibana kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Lakini wakati ule hakufikiri mara mbili. Alimsimamisha mbele ya wote na kusema, "Toka. Utarudi siku utakayoleta ukweli mdomoni mwako." Léon akasema hakula. Mwalimu akamwonyesha mlango.

"Hakurudi tena," alisema Mwalimu Sumaili. "Angerudi na ukweli gani? Ukweli alikuwa ameshausema."

Kisha akamuuliza mama swali moja, taratibu, kama anavyouliza ubaoni. "Wakati ninamutoa, weye ulikuwa wapi?"

"Kwenye dawati la mbele," mama alijibu. Machozi yalikuwa yanadondoka bila yeye kuyafuta. "Nilimuona akitoka. Alinitazama. Nilikuwa bado na ule unga kwenye meno, nikafunga mudomo."

Falone alimtazama mama yake, huyu mama asiyeonewa na mtu sokoni, anayewakemea hata madaktari, akamwona amekunjamana kama mtoto aliyeadhibiwa. Alitamani kukimbia. Wakati huohuo alijiona yeye mwenyewe mbele ya butike, mikono mitupu, gunia linateleza. Kosa lake lilikuwa na siku mbili tu na tayari lilikuwa zito. La mama lilikuwa na miaka ishirini na mbili, na lilibebwa na mtu mwingine.

Mwalimu aliokota kalamu yake. "Falone," alisema, "lako bado liko bichi. Ulinikana mbele ya watu, si hapa uani. Nenda kesho ulitengeneze kulekule. Sisi watu wazima tuna safari ya kwenda Kailo, nasikia Léon alirudi kwao."

Siku ya pili, baada ya masomo, Falone alitoka kwa lango kubwa la Kwa Veronika, akapita barabara kuu mpaka kwenye butike. Wateja walikuwapo, na yule mama wa mchele alikuwapo pia. Falone alishika ukingo wa meza. "Kavugho, yule baba wa makaa ni Mwalimu Sumaili. Anatufundisha hesabu Kwa Veronika. Miye ninasomea kulekule, asubuhi. Nilikudanganya."

"Sikukuuliza ili nikupime," Kavugho alisema. "Sasa hata ukisema kweli nitakuwa nahesabu mara mbili." Baba yake, aliyekuwa akipanga mashuka, alimtazama Falone akatikisa kichwa polepole, wala haikujulikana kama ni kwa kumlaumu au kumsifu. Falone alirudi nyumbani na aibu yake yote, lakini angalau sasa ilikuwa aibu iliyotazamwa na watu, na alipumua vizuri zaidi.

Jumamosi walivuka mto, Mwalimu, mama, na Falone aliyeomba kufuatana nao, wakapanda pikipiki mbili hadi kijiji cha upande wa Kailo. Walimkuta Léon akitwanga pamoja na binti yake nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mvi za mapema. Alimtambua Mwalimu papo hapo. Hakumpa mkono. Aliweka mchi chini na kuwaonyesha benchi.

Mama Clémentine alisema yote kwa kusimama, bila kuficha hata lile la unga kwenye meno. Mwalimu Sumaili naye alisema lake. "Nilikuhukumu kwa shati. Nilikuwa nafundisha hesabu, na hesabu hiyo sikuisahihisha. Nimekuja kuomba msamaha wako, Léon."

Léon aliwasikiliza mpaka mwisho. Alipoanza kuongea, aliongea akitazama chini. "Nilipofika nyumbani, baba alinipiga akidhani niliiba. Nikaenda Pangi kuchimba madini nikiwa na miaka kumi na minne. Kule wanunuzi walipima kwa mizani. Mizani ilikuwa inasomeka, na miye hesabu zake sikuzijua vizuri. Walinipa walichotaka. Nilikuwa nawaza kila mara, mwaka moja tu zaidi, miaka mbili, ningelijua." Akainua macho. "Wale kumi na nane wengine wako wapi?"

Mwalimu akawataja mmojammoja. Walio hai wengi wao walikuwa na kazi za kalamu: muuguzi, fundi wa umeme, karani wa stesheni, padri mmoja, walimu watatu. Kila jina lilipotajwa Léon aliitikia kwa kichwa. Falone aliyahesabu majina yale, na kwa mara ya kwanza aliona vyumba sita vyenye mabati ya kutu kwa macho ya mtu aliyefungiwa nje.

"Siwezi kusema imekwisha," Léon alisema mwishowe. "Nikisema nitakuwa mwongo kama munavyosema mulikuwa. Lakini nilitolewa mbele ya darasa. Munirudishe mbele ya darasa. Na huyu hapa ni Francine. Amemaliza la sita, alikuwa wa pili. Nilimukatalia sekondari kwa hasira yangu, nikasema shule ile haitapata mutoto wangu. Analima na miye. Kosa hilo ni langu, siwawekei ninyi."

Binti alikuwa ameshika ungo kifuani, macho yamemtoka.

"Atakaa kwangu," mama Clémentine alisema. "Kitanda cha Falone ni kipana."

Jumatatu iliyofuata, Sista Mkuu hakuwaruhusu wanafunzi kuingia madarasani baada ya bendera. Léon alikuwa kwenye lango akiwa na shati lililopigwa pasi, Francine kando yake. Hakuvuka mstari wa lango. Mwalimu Sumaili alikwenda, akamshika mkono, akamwongoza mpaka mbele ya mistari yote sita. Kisha mama Clémentine, katika koti lake jeupe la kazi, akasimama mbele ya watoto karibu mia mbili na kuwaambia nani alikula chaki za muhogo mwaka wa vita, nani alifukuzwa kwa ajili yake, na nani alijua akanyamaza.

Kulikuwa na waliocheka nyuma. Falone aliwasikia, na uso wake ukawaka. Msichana aliyesimama karibu akamnong'oneza, "Yule si mama yako?"

"Ndiyo," Falone alisema. "Ni mama yangu."

Mwalimu Sumaili aliinua mkono, na vicheko vikakoma. "Watoto," alisema, "nimefundisha hapa miaka thelathini na mitano, na mimi pia nina haya leo. Nataka muelewe kitu kimoja. Haya si ugonjwa. Ugonjwa ni kuificha, maana ukiificha haiishi, inahamia kwa mwenzako asiye na kosa na kumla yeye. Ukikosa, nenda kwa uliyemkosea ungali na miguu ya kwenda. La pili. Mnaitazama shule hii mnaona ni ndogo, na ni ndogo kweli. Lakini muulizeni Léon dawati moja la hapa lina thamani gani. Aliyekalia dawati halijui. Analijua aliyeondolewa. Mkae juu yake vizuri, na kamwe msimwondoe mwenzenu kwa uongo wala kwa kunyamaza."

Halafu akasoma majina ya mwaka wa kwanza kutoka kwenye orodha, na jina la ishirini na nne lilikuwa la Francine. Binti akaitika kwa sauti ndogo. Mwalimu akageuza ukurasa, akamtazama yule mwanamume mwenye mvi, akataja jina lake pia, polepole, kama lilivyotajwa kila asubuhi mpaka siku ile ya vita.

"Niko," alisema Léon.

Saa ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Falone alimsogelea Francine akamwonyesha njia, wakaingia pamoja na wengine. Léon aliingia nyuma yao, akatafuta dawati lenye nafasi, akaketi. Magoti yake hayakuenea chini ya meza, kwa hiyo aliyaweka pembeni, akakunja mikono, na kungoja somo lianze.